Kocha Aliyefutiwa Alama Mlimani

Kanisani kwetu Seven Hills, hapa Sydney, tunasali kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ambayo Warundi, Wakongo na Wakenya wote tunaielewa. Kila tulipofika, katika Baba Yetu, mahali pa kuwasamehe waliotukosea, Kocha alifunga mdomo. Hakuinamisha kichwa, hakukohoa, hakujifanya amesahau maneno. Alisimama wima, midomo imebanwa, akatungoja sisi wengine tumalize kusamehe, kisha akaungana nasi kwenye maneno yanayofuata kwa sauti yake nzito. Siku moja mchungaji alimwuliza mlangoni, watu wakisikia, kwa nini anafanya hivyo.

"Mchungaji, mimi ni mwongo kama watu wengine," Kocha akasema. "Lakini Mungu siwezi kumdanganya kwa sauti."

Mchungaji alicheka kidogo, akidhani ni utani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na viatu vyangu vya shule, na nilijua si utani. Nilimpenda tangu hapo.

Jina lake silitaji, na wala sina haja nalo, maana hata sisi aliotufundisha hatukulitumia. Tulimwita Kocha. Mama yangu, kwa Kiswahili chake cha kambi ya wakimbizi Kigoma kilichochanganyika na Kifaransa cha Burundi, alimwita Papa Kocha. Alikuwa Mkenya aliyekuja Sydney kusoma, masomo yakamshinda au yeye akayashinda, sikuwahi kuelewa. Siku za wiki aliendesha lori la makontena bandarini Port Botany. Jumamosi, na Jumapili baada ya kanisa, alikuwa kwenye banda lake katika mitaa ya viwanda ya Seven Hills, akinoa makali ya mbao za theluji na kuzipaka nta.

Ubao wa theluji, snowboard kama wanavyouita hapa, ni ubao mmoja tu. Unausimamia ubavu, miguu yote miwili imefungwa, unateremka nao mlima. Ule wa mashindano ni mrefu na mwembamba kuliko wa kuchezea, na buti zake ni ngumu kama plasta ya mguu uliovunjika. Mtu mweusi wa makamo anayeshinda bandani kati ya vitu hivyo, katika mtaa ambao hata barafu ya asubuhi ni nadra, lazima utamshangaa. Mama alikuwa anafanya usafi kwenye ghala la jirani, na mimi nilimngojea uani kila Jumamosi. Nilimshangaa Kocha kwa wiki kadhaa kabla hajanisemesha.

"Unapenda kuanguka?" ndiyo salamu yake ya kwanza.

"No," nikamjibu.

"Vizuri. Wanaopenda kuanguka hawajifunzi. Na ukiongea na mimi, sema Kiswahili. Theluji haijali lugha, mimi najali."

Akanipandisha kwenye ubao wa magurudumu. Akapanga chupa za maziwa zilizojaa mchanga kwenye mteremko wa uani, pale malori yanapoingilia, akaniambia nizizunguke moja kulia, moja kushoto. Niliziangusha zote. Akazisimamisha zote. Tulifanya hivyo mpaka mama alipotoka na ndoo yake akanikuta goti linavuja damu na meno yakiwa nje kwa kicheko.

Kitu kimoja kilichowachekesha watu ni kwamba Kocha aliichukia baridi. Alivaa sweta mbili mwezi wa kumi na moja, wakati Sydney nzima imevaa kaptura. Mlimani alibeba chai ya tangawizi kwenye chupa, chapati kwenye karatasi ya alumini, na alilalamika kuanzia tunapoegesha gari mpaka tunaporudi. "Nchi gani hii," alikuwa akisema, huku anapiga miguu chini. Lakini akifunga ubao tu, malalamiko yanakwisha. Alishuka akiwa amelala karibu na theluji, mkono mmoja ukiigusa, na nyuma yake unabaki mstari mwembamba mmoja, kama uliochorwa kwa kisu. Wanaoserereka vibaya huacha alama pana iliyokwanguliwa. Yeye aliacha mstari. Alisema mstari ndio ushahidi, na nilikuwa bado sijui kwa nini analipenda neno hilo.

Alikuwa na hadithi moja aliyotusimulia njiani kila msimu, tukielekea kusini, na hakujali kama tumeichoka. Mchezo huu, alisema, ulianza kama kitu cha watoto. Baba mmoja huko Marekani alifunga pamoja skii mbili, zile mbao nyembamba za kutelezea, moja kwa kila mguu, ili binti zake wachezee nyuma ya nyumba, mbele akaweka kamba ya kushikilia. Vijana wakakipenda kitu hicho, wakaanza kujitengenezea vyao kwenye magereji. Mbio za kwanza hazikuwa na ufundi wowote: mnasimama juu, mnashuka moja kwa moja, anayefika chini akiwa bado amesimama ndiye mshindi. Wenye milima ya skii hawakuwataka. Waliwaona wahuni. Basi vijana wakapanda kwa miguu, wakashindana milima ikiwa imefungwa, wakaazima mageti ya watu wa skii, zile nguzo zenye kitambaa ambazo lazima uzizunguke. Baadaye ndipo ikaja mbio ya wawili wanaoshuka sambamba, mmoja njia ya bendera nyekundu, mwingine ya buluu. Ikaja na ile ya kushuka wengi kwa pamoja kwenye matuta. Mwishoni kabisa ndipo Olimpiki ikafungua mlango.

"Mchezo huu ulianzishwa na watoto wa kike na watu waliofukuzwa," alimalizia kila mara. "Wewe ni vyote viwili. Sasa nani atakwambia si wako?"

Huku Australia nako milima mingi ilikuwa haitaki mbao wakati yeye ni kijana. Alikuwa anaosha vyombo kwenye hoteli moja ya mlimani wakati wa likizo za chuo. Vijana wa jikoni walimfundisha kwa siri, wakipanda kwa miguu nyuma ya hoteli. Kisha mwaka mmoja mlima ule ukakubali kuandaa mbio ya mbao, siku moja tu, pembezoni. Kocha alijiandikisha. Mwosha vyombo kutoka Afrika akawashinda mmoja baada ya mwingine mpaka akaingia fainali, na fainali nayo akatangulia kufika chini.

Katikati ya mteremko alisimama msimamizi wa mashindano, kijana wa ukoo wenye heshima zake pale mlimani. Nitamwita Msimamizi, kwa kuwa Kocha mwenyewe hakuwahi kumwita kitu kingine. Msimamizi aliinua mkono. Akasema huyu ameruka geti.

Kocha hakubishana. Alivua ubao, akapanda mlima kwa miguu, watu wote wakimtazama, mpaka kwenye geti lile. Mstari wake ulikuwepo pale kwenye theluji, umelizunguka geti upande unaotakiwa, mtu yeyote angeuona. Akamwita Msimamizi aje atazame. Msimamizi akaja na skii zake. Akazigeuza ubavu, akateremka taratibu juu ya mstari ule, akiukwangua mpaka ukaisha. Kisha akainua miwani yake.

"Alama gani?" akasema. "Mimi sioni alama."

Kesho yake, hoteli ilimwambia Kocha kazi imekwisha.

Alinisimulia jambo hilo mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na mitano, tumeketi ndani ya gari kwenye maegesho ya mlimani, mvua ikiharibu theluji. Aliposimulia, mkono wake wa kulia ulikuwa unateleza juu ya usukani, taratibu, kwa ubavu, bila yeye kujua. Nilihisi moto ambao haukuwa wangu, na kuanzia siku hiyo ukawa wangu.

Msidhani alikuwa mtu wa kununa. Alikuwa mchekeshaji, mwimbaji mbaya wa nyimbo za kwaya, na watoto wa mtaani walikuwa wakimletea hata baiskeli mbovu. Hakupiga kelele. Hakutukana. Chuki yake yote aliimwaga kwa mtu mmoja, na waliobaki tulipata moyo uliokuwa safi kabisa. Nimewajua watu wengi wanaosema wamesamehe, na uchungu wao unawarukia wafanyakazi na watoto. Kocha alijua aliyemkosea ni nani na anakaa wapi.

Alinifundisha kuhifadhi hasira. Msimu wangu wa pili, kocha wa timu nyingine aliniambia, kwa tabasamu, kwamba labda ningejaribu riadha, watu wa kwetu wanajua kukimbia. Machozi yakanilenga. Kocha akanishika bega.

"Weka," akaniambia kwa sauti ya chini. "Usitapike hapa. Weka, utatapika kwenye mteremko."

Siku hiyo nilipangwa kushindana na wasichana watatu wa timu ya yule bwana, mmoja baada ya mwingine. Niliwatoa wote. Kila nilipofika chini, Kocha alimwendea yule mwenzake, akavua kofia, akamwambia kwa adabu, "Unaona, bado anajaribu kukimbia." Alisema hivyo mara zote tatu. Mpaka leo nikikumbuka, nasikia utamu mdomoni.

Mama ndiye aliyeogopa. Aliona nilivyoanza kubana midomo kama Kocha wakati wa sala. Akaenda bandani kwake na mimi nikiwepo.

"Papa Kocha, merci kwa yote unafanyia huyu mtoto," alisema. "Lakini sisi tulikimbia kisasi. Kwetu watu waliwekeana vinyongo mpaka nyumba zikawaka. Sasa we unamutia mwanangu moto ile ile?"

Kocha aliweka pasi ya nta chini. Alimheshimu sana mama.

"Mama, kisasi changu hakina panga," alisema. "Kina saa ya kupimia mbio, basi. Sitaki huyo mtu aumie hata kidole. Nataka asimame chini ya mlima ule ule, ashike medali, na amvalishe mtu niliyemleta mimi."

"Na akimvalisha?"

"Atanitazama. Atakumbuka. Basi."

Mama alitikisa kichwa. "Iko kidogo sana, Papa. Kitu kidogo hivyo, na umeibeba miaka yote?"

"Ndiyo maana nimeweza kukibeba," akajibu.

Msimamizi kwa wakati huo alikuwa mzee wa heshima, anayealikwa kugawa medali. Alikuwa na mjukuu wa rika langu, msichana mrefu, mwepesi, ambaye kila mtu alijua ndiye atakayechukua ubingwa wa vijana wa jimbo. Siku mbili kabla ya mashindano hayo, mjukuu huyo aliingia bandani kwetu Seven Hills na ubao wake. Makali yameharibika kwenye mwamba, kaambiwa kuna fundi mzuri huku. Hakujua Kocha ni nani. Mimi nilikuwepo. Nikamwona Kocha akisoma jina la ukoo kwenye ubao, akiupitishia kidole.

Mjukuu alipoondoka nilimwambia, "Kocha, uache hivyo hivyo. Au uunoe vibaya kidogo tu. Nani atajua?"

Sijawahi kumwona amenikasirikia vile. "Mimi nimfanyie mjukuu wake alichonifanyia yeye? Halafu tofauti yetu ni nini?" Aliushughulikia ubao ule alasiri nzima. Alipomaliza, makali yake yalikata unywele. Ulikuwa mzuri kuliko wangu. "Nataka ashindwe akiwa na ubao usio na kasoro," akasema. "Nataka babu yake akose pa kushika."

Tulikutana fainali. Mimi bendera nyekundu, yeye buluu. Nakumbuka mlango wa kuanzia ulivyofunguka, na jinsi nilivyomsikia pembeni yangu bila kumtazama, makali yake yakikata theluji kwa sauti safi, kazi ya Kocha. Katikati alikuwa mbele yangu. Kwenye mageti ya mwisho mteremko unalala, na pale hakuna anayekusaidia ila mstari wako mwenyewe. Nililala chini kabisa, mkono ukigusa theluji. Nilimshinda kwa urefu wa mkono.

Msimamizi akaja na medali. Alikuwa na mikono inayotetemeka na manukato mazuri. Aliponivalisha, Kocha alikuwa amesimama hatua chache tu, amevua kofia na miwani ili uso wake wote uonekane.

"Hongera, umefundisha vizuri," Msimamizi akamwambia.

"Unanikumbuka?" Kocha akauliza.

Msimamizi akamtazama. Akamtazama kwa muda, kwa upole. "Samahani sana," akasema. "Tumewahi kuonana?"

Nilimwona Kocha akizeeka palepale. Alivaa kofia yake. Tuliendesha kurudi Sydney na medali kifuani mwangu, na mpaka tunaupita mji wa Goulburn hajafungua mdomo. Mimi ndiye niliyevunja ukimya, na niliuvunja kwa hasira.

"Kocha, mimi ni nani kwako? Maana nimeshinda na hujaniambia hata hongera. Mimi ni fimbo tu?"

Alisogeza gari pembeni ya barabara, akasimama. Malori yalitupita, gari likatikisika.

"Wewe ni fimbo," akasema. "Na ni binti yangu. Sijui kuvitenganisha, nisamehe." Alifuta uso kwa kofia. "Hongera. Pale mwisho umeshuka vizuri kuliko nilivyowahi kushuka mimi."

Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akitumia neno kusamehe.

Nilishindana misimu miwili zaidi, nikaacha, nikasomea uuguzi. Alininunia majira yote ya baridi. Kisha akatokea kwenye mahafali yangu amevaa suti inayonuka nta, akakaa karibu na mama, akapiga makofi mpaka watu wakageuka. Alizeeka. Magoti yakaisha, banda likafungwa. Nilikuwa nampitia kila nikitoka zamu, tunakunywa chai. Kuhusu Msimamizi hakusema neno, na Jumapili midomo ilibaki imefungwa pale pale.

Mwaka huu, asubuhi moja, alinipigia simu.

"Vaa nguo nyeusi, binti. Tunaenda kuzika."

"Nani amefariki, Kocha?"

"Yeye."

Sikuhitaji kuuliza ni yeye gani. Nilimkuta amekwishavaa, fimbo mkononi, amenyoa ndevu. Ndani ya gari nilimwuliza kama anaenda kumsamehe.

"Naenda kuhakikisha," akajibu.

Kanisa lilikuwa upande wa kaskazini wa jiji, limejaa watu wa milimani wenye nyuso zilizochomwa na jua la theluji. Baada ya ibada tuliingia ukumbini kwa chai. Wakaweka kipaza sauti, wakasema mwenye kumbukumbu ya marehemu asimame. Walisimama wengi. Wakasema alivyopenda mlima, alivyopenda haki kwenye mashindano. Nilipoona Kocha anajiinua kwa fimbo nilimvuta koti. Akauondoa mkono wangu taratibu, kidole kimoja kimoja.

Alifika kwenye kipaza sauti, akangoja ukumbi utulie. Alizungumza Kiingereza chake kizuri cha shule.

"Nilishindana kwenye mlima wake nikiwa kijana," alisema. "Akasema nimeruka geti. Nililipita. Alama zangu zilikuwepo, akazifuta kwa skii zake mbele ya macho yangu. Alijua. Hiyo ndiyo kumbukumbu yangu ya marehemu. Asanteni."

Vikombe viliacha kugongana. Mtu mmoja alisema, "This is not the place," na mwingine akaanza kusimama. Kocha alirudi akaketi kando yangu, mgongo umenyooka. Niliona yule mjukuu anakuja, sasa mwanamke mzima, macho mekundu, nikajiweka mbele ya Kocha ili kama ni kutukanwa nitukanwe mimi. Hakututukana. Alivuta kiti.

"Ni wewe," akamwambia Kocha. "Babu alituambia. Alipougua alituambia yote, kuhusu mtu aliyepanda kwa miguu na yeye akafuta alama zake. Siku ya ile medali alikufahamu mara tu ulipovua kofia. Alisema kama angekubali kwamba anakukumbuka, angelazimika kuyakubali yote. Alirudi nyumbani hakula."

Kocha alimtazama bila kupepesa. "Halafu?"

"Hakurudi mlimani tena. Tulidhani ni uzee. Kumbe alisema kila akitazama mteremko anaona mtu anapanda."

"Hakupanda tena?"

"Hapana."

"Hata siku moja? Mpaka kufa?"

"Mpaka kufa," mjukuu akasema, sauti ikamkatika. Aliunyosha mkono juu ya meza, kiganja wazi, akangoja. Nilijua anangoja nini. Nami nilijua maneno yenyewe, yanasemwa kila Jumapili, ni machache, na mtu yeyote angeyasema kwa ajili ya mwanamke yule anayelia.

Kocha aliutazama mkono ule. Akaugonga mara mbili kwa vidole, kwa upole, kama mtu anayemshukuru mhudumu. Kisha akaegemea kiti, akashusha pumzi ndefu, na uso wake ukalainika mpaka nikamwona alivyokuwa kijana.

"Binti," akaniambia kwa Kiswahili, "nina njaa. Ile keki pale, nikatie kipande. Kikubwa."

Nikasimama, nikapita katikati ya waombolezaji waliokuwa wakinitazama, nikashika kisu, nikamkatia.